Kila fomati na kundi lake: niliyojifunza kwa kurusha matangazo kwa maltikasti

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonileta huku. Video ya megabiti 5 kwa sekunde ikitumwa kwa watazamaji 600, kila mmoja akipewa nakala yake, seva inatakiwa kusukuma gigabiti 3 kila sekunde. Kadi ya mtandao ya gigabiti 1 inaishiwa pumzi mtazamaji wa 200 anapoingia, na hapo hatujaigusa kebo inayounganisha jengo na jengo. Kwa maltikasti, yaani kutuma nakala moja kwa kundi zima, seva ileile inatuma megabiti 5 basi, awe mtazamaji mmoja au elfu moja. Swichi na ruta ndizo zinazonakili paketi pale njia zinapogawanyika, na tawi lisilo na mtazamaji halipelekewi kitu.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kurusha matangazo ya moja kwa moja ndani ya mitandao ya taasisi zenye majengo mengi: kumbi, vyumba vya mikutano, runinga za ukutani, kompyuta za mezani. Hesabu hiyo ya juu kila mtu huielewa papo hapo. Kinachochukua muda kukielewa ni upande wake wa pili, kwamba seva ya maltikasti haijui nani anaisikiliza. Katika yunikasti, ile ya kila mmoja na nakala yake, mteja hubisha hodi, hueleza anaweza kufungua kodeki (namna za kubana picha na sauti) zipi na laini yake ina nguvu kiasi gani, na seva ikamkatia kipande kinachomfaa. Kwenye maltikasti hakuna hodi. Seva hutuma kwenye anwani ya kundi na kuendelea. Kipokezi huiambia ruta ya karibu kwamba kinataka kundi fulani, na mazungumzo huishia hapo hapo, hayafiki kwenye seva.

Kwa hiyo swali la fomati, ambalo kwingine hujibiwa na programu mtazamaji anapofika, huku unalijibu wewe mwenyewe kabla hajafika, na unalijibu kwa namna unavyopanga makundi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kila fomati ipewe kundi lake, na kipokezi ndicho kichague. Mengi ninayoyaeleza hapa ni gharama na masharti ya uamuzi huo.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Steve Deering aliliandika kwa utaratibu unaofuatwa hadi leo katika RFC 1112 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) ya mwaka 1989. Machi 1992 sauti za mkutano wa IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, uliofanyika San Diego zilirushwa kwa maltikasti hadi vituo vipatavyo 20, na kutokana na majaribio hayo ukakua mtandao ulioitwa MBone, uliopitisha maltikasti kwa mahandaki, yaani ikiwa imefungwa ndani ya paketi za kawaida, juu ya intaneti ambayo ruta zake nyingi hazikuielewa. Novemba 1994 kundi la Rolling Stones lilirusha humo sehemu ya tamasha lao la Dallas. Huko Ufaransa, mwaka 1996, wanafunzi wa École Centrale Paris walianzisha mradi wa kurusha video ndani ya mtandao wa chuo chao, na mradi huo ndio uliozaa VLC, programu ninayoifungua kabla ya nyingine yoyote ninapoambiwa picha haionekani. Mwaka huohuo ilitoka RTP, itifaki ya kubeba sauti na picha kwa wakati wake halisi. Waliobuni RTP walijua fomati zitakuwa nyingi: katika kichwa cha kila paketi walitenga biti 7 za kutaja aina ya mzigo, ili kipokezi kijue kinachokijia bila kuuliza.

Katika mtandao niliokaa nao muda mrefu zaidi, tukio moja lilitakiwa kwa sura nyingi. Ving'amuzi vya zamani vilivyofungwa nyuma ya runinga vilifungua MPEG-2 pekee, kodeki ya zamani. Kompyuta za mezani zilifungua H.264, kodeki mpya zaidi, bila taabu. Jengo moja la pembeni liliunganishwa kwa laini ya megabiti 100 iliyobeba pia simu na kazi za ofisi, hivyo lilihitaji picha nyepesi. Wakalimani walitoa sauti za lugha nne. Kulikuwa na watu waliotaka sauti tu, waendelee na kazi zao huku wakisikiliza. Na kumbi za ziada, zile zenye spika kubwa, zilitaka sauti isiyobanwa hata kidogo.

Njia rahisi ni kutuma kitu kimoja kinachofunguka kila mahali, yaani kuwashusha wote hadi kwa aliye dhaifu kuliko wengine. Nimewaona watu wakiichagua na siwalaumu, maana ni mtiririko mmoja, anwani moja, na maswali machache. Lakini ina maana kwamba ukumbi uliofungwa projekta ya maana utaonyeshwa picha iliyokusudiwa kwa king'amuzi cha zamani, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu tu king'amuzi hicho bado hakijaharibika. Siikubali.

Njia ya pili ni nzuri kiasi kwamba niliisoma na kuirudia kwa furaha. Mwaka 1996 Steven McCanne, Van Jacobson na Martin Vetterli walieleza namna ya kutuma video kwa matabaka. Tabaka la chini, lenye picha ya kawaida, linakwenda kwenye kundi la kwanza; kila tabaka la juu, linaloongeza ubora, linapata kundi lake. Kipokezi kinaanza na tabaka la chini, kinajaribu kuongeza la pili, na kikiona paketi zinapotea kinajitoa. Hakuna biti inayotumwa mara mbili. Kila mtu anapanda hadi pale laini yake inapomruhusu, na seva haihitaji kujua lolote.

Nilichokutana nacho kazini ni mambo mawili. Kwanza, kujitoa kwenye kundi si kwa papo hapo. Ruta ikipata ujumbe wa kuondoka lazima iulize kama bado kuna mwingine anayetaka, na kwa mipangilio ya kawaida ya IGMP (itifaki ya kujiunga na makundi na kuondoka) toleo la 2 inauliza mara mbili kwa nafasi ya sekunde moja. Sekunde hizo mbili laini inaendelea kufurika, na wanaoumia ni majirani wote wanaoitumia, hata wale ambao hawakujaribu kupanda. Pili, na hili ndilo lililofunga mjadala, vifaa vyenyewe. Video ya matabaka iliingizwa rasmi kwenye H.264 mwaka 2007, lakini ving'amuzi na chipu nilivyokuwa navyo mkononi vilifungua tabaka la chini na kuyapuuza mengine. Unabaki na mpangilio mzuri sana ambao hakuna wa kuutazama.

Ndipo ninapobaki na njia ya tatu, matangazo sambamba: tukio lilelile linasimbwa mara kadhaa, kila fomati kwenye kundi lake. Inapoteza, hilo halina ubishi. H.264 ya megabiti 8, MPEG-2 ya megabiti 4, picha nyepesi ya megabiti 1.5 na sauti nne za kilobiti 64 zinafika karibu megabiti 13.8 kwa tukio moja. Matukio sita yakienda kwa pamoja ni kama megabiti 83. Kwenye uti wa mgongo wa gigabiti hilo ni jambo dogo. Kwenye laini ya lile jengo la megabiti 100, watazamaji wachache tu wakichagua kila mmoja chake, simu za ofisi zinaanza kukatika.

Hapo ndipo anwani zinapogeuka kuwa kazi ya kweli. Maltikasti ya IPv4 inatumia anwani kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, na eneo la 239 limetengwa kwa matumizi ya ndani, kama zilivyo anwani za faragha za kompyuta. Watu wengi hugawa anwani hizo kwa kufuata ukumbi: ukumbi wa kwanza unapata fungu lake, wa pili fungu lake. Mimi nagawa kwa kufuata fomati. H.264 kubwa inakaa 239.20.10, MPEG-2 inakaa 239.20.20, picha nyepesi 239.20.30, sauti 239.20.40, na namba ya mwisho ndiyo ukumbi. Faida yake ni kwamba swichi ya jengo la laini nyembamba inahitaji kanuni fupi tu: ruhusu maombi ya kujiunga na 239.20.30 na 239.20.40, kataa mengine. Mtazamaji wa jengo lile hawezi kuizamisha laini hata akitaka, na kesho tukiongeza ukumbi wa saba hakuna anayelazimika kugusa swichi ile. Katika maltikasti anwani ndiyo sehemu pekee ya fomati ambayo swichi inaweza kuisoma, kwa hiyo lazima ibebe maana.

Kuna mtego ndani ya anwani hizo ambao naueleza kwa kila fundi mpya. Anwani ya kundi ina biti 28 za kulitambulisha, lakini zinapogeuzwa kuwa anwani ya Etheneti, ile inayoanza na 01:00:5e, zinabebwa biti 23 za mwisho tu. Biti 5 zinaachwa. Kwa hiyo makundi 32 tofauti yanashiriki anwani moja ya Etheneti. 224.1.1.1 na 239.129.1.1 kwa swichi ya kawaida ni kitu kimoja. Niliwahi kuitwa kwenye mtandao ambao mkandarasi aliyetangulia alikuwa amepanga video zote kwenye 239.128.0, akianza na 1 na kuendelea. Zikigeuzwa, hizo zinaangukia palepale pa 224.0.0, eneo la ujumbe wa ndani wa itifaki, ambalo swichi hulimwaga kwenye kila mlango bila kuuliza ili ruta zisipoteane. Video zote zilikuwa zinamwagwa kwenye kila mashine ya ofisi, hadi printa. Mlalamikaji alisema swichi ni mbovu. Swichi zilikuwa zinafanya kazi yake sawasawa.

Poti nazo, zile namba zinazoonyesha paketi ni ya programu ipi, usizifanye zifanane. Kwenye Linux, programu ikifungua soketi (mlango wake wa kupokelea paketi) bila kuifunga kwenye anwani ya kundi, inaweza kupokea paketi za kundi lolote ambalo programu nyingine ya kompyuta ileile imejiunga nalo, mradi poti ni moja. Mtu akifungua lugha mbili kwenye madirisha mawili, na zote ziko poti 5004, anasikia mchanganyiko unaokera. Dawa ya kweli ni programu iandikwe vizuri, lakini programu si zangu. Nikiipa kila fomati na kila lugha poti yake, tatizo haliwezi kutokea kwa yeyote.

Sasa kuhusu lugha. Mwanzoni kila nakala ya video ilibeba sauti zote nne ndani yake, na nilipoona sauti zilezile zikisafiri mara tatu nilizitoa zikae kwenye makundi yake. Ving'amuzi vilibaki kama vilivyokuwa, maana vinataka furushi moja la MPEG lenye picha na sauti pamoja. Kwa kompyuta, video ikaenda peke yake kwa RTP na kila lugha ikaenda peke yake, na sauti-tu ikapatikana bila kazi ya ziada: ni mtu aliyejiunga na kundi la lugha yake bila kujiunga na la picha. Huu ndio uamuzi ninaojivunia kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye laini dhaifu kabisa alipata tukio zima kwa lugha yake kwa kilobiti 64.

Gharama yake ni kulinganisha midomo na sauti. Mihuri ya muda ya RTP haianzi sifuri. Kila mtiririko huanza na namba ya nasibu. Saa ya video hupiga mara 90,000 kwa sekunde, ya sauti iliyobanwa kwa kodeki ya Opus mara 48,000. Ukiiweka mihuri hiyo miwili mezani, hakuna kinachokuonyesha ipi inalingana na ipi. Kinachoziunganisha ni ripoti ya mtumaji inayopita kwa RTCP, itifaki mwenza wa RTP, kwenye poti inayofuata, inayosema kwamba muhuri fulani wa RTP ni sawa na saa fulani halisi. Hivyo enkoda (mashine ya kusimba) ya picha na enkoda ya sauti lazima zifuate saa moja, na ripoti hizo lazima zifike. Mahali fulani ngome ya mtandao ilifunguliwa poti za RTP na kusahauliwa zile za RTCP. Picha ilionekana, sauti ilisikika, hakuna taa nyekundu popote, ila msemaji alikuwa anafunga mdomo kabla ya neno kwisha. Programu za watazamaji, zikikosa ripoti, zilikuwa zinabahatisha kwa kutazama paketi ipi imewasili lini. Tangu siku hiyo, kabla ya tukio lolote, natazama kwanza kama RTCP inapita.

RTCP ina jambo jingine zuri: ndiyo sauti pekee inayorudi kutoka kwa watazamaji. Kila kipokezi kinachofuata RTP kikamilifu hutuma taarifa ya paketi kilizozipoteza, na itifaki imewekewa mpaka ili taarifa zote pamoja zisizidi asilimia 5 ya uwezo uliotengewa matangazo. Watu wakiongezeka, kila mmoja anazungumza kwa nadra zaidi. Kutoka humo ndipo nilipoona ni fomati zipi zinatumika. Kwa ving'amuzi, visivyotuma RTCP, nilitazama orodha ya makundi kwenye ruta. Kundi la MPEG-2 lilipokaa bila mwanachama katika majengo yote kwa muda mrefu, nilikuwa na ushahidi wa kuizima enkoda yake.

Tatizo lililonifundisha zaidi kuhusu swichi lilikuja kwa simu, kutoka kwa fundi mwenzangu aliyekuwa jengo jipya.

"Kaka, picha imeganda tena."

"Baada ya muda gani?"

"Kama dakika nne hivi. Nikifungua upya inarudi, halafu inaganda tena."

"Fomati zote, au moja?"

"Zote. Hata sauti."

Zote, na kwa muda uleule. Jibu hilo lilitosha kuiondoa enkoda kwenye lawama. Swichi inayotega sikio kwenye IGMP hukumbuka nani amejiunga na kundi gani, lakini kumbukumbu hiyo ina muda wa kuisha. Inahuishwa vipokezi vinapojibu swali "nani bado anataka?", ambalo kwa kawaida huulizwa na ruta kila baada ya sekunde 125. Muda wa kuisha ni mara mbili ya hizo, na sekunde 10 juu yake: sekunde 260, yaani dakika nne na ushei. Kwenye jengo lile ruta haikuwa imewashiwa maltikasti upande wa mtandao huo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza, vipokezi havikuwa na cha kujibu, na swichi ikahesabu kwamba wote wameondoka. Tuliiamuru swichi yenyewe iwe muulizaji, na ukawa mwisho wa simu hizo. Mtu akinitajia dakika nne siku hizi, simwachi hata amalize sentensi.

Kuna mipaka mingine midogo ambayo ukiijua mapema inakuokoa usiku. Paketi za maltikasti huondoka na TTL (hesabu ya hatua zinazoruhusiwa kwenda) ya 1 zisipoelekezwa vinginevyo, hivyo majaribio yanafanikiwa kwenye meza yako na kufa kwenye ruta ya kwanza. Linux inairuhusu soketi moja kujiunga na makundi 20 tu mpaka ubadilishe mpangilio. Sisi tulikuwa na makundi 42, kumbi sita kwa fomati tatu na lugha nne, na mashine ya uangalizi ilikataliwa ilipofika la 21.

Anayejiunga katikati ya tukio naye ana mahitaji yake. Video iliyobanwa ni mlolongo wa fremu, yaani picha moja moja, zinazotegemeana, na kipokezi hakiwezi kuonyesha chochote mpaka ifike fremu kamili inayosimama peke yake. Fremu kamili zikija kila baada ya sekunde 10, mtu anatazama kioo cheusi sekunde hizo zote na kudhani hakuna matangazo. Zikija kila sekunde 2, anasubiri kidogo, lakini fremu kamili ni nzito, na kwa kasi ileile ya biti ubora unapungua. Kwa runinga za ukutani, ambazo huwashwa asubuhi na kuachwa, niliruhusu nafasi ndefu. Kwa kompyuta, ambako watu wanarukaruka kati ya kumbi, niliibana hadi sekunde 2. Vigezo vya kodeki, ambavyo katika yunikasti hutumwa mara moja mwanzoni, huku vinarudiwa pamoja na kila fremu kamili, maana "mwanzoni" hakupo. Kila sekunde ni mwanzo wa mtu fulani. Vivyo hivyo jedwali la furushi la MPEG linalosema picha iko wapi na sauti iko wapi, lirudiwe mara nyingi kwa sekunde.

Paketi zinazopotea haziombwi upya. Vipokezi 600 vikipoteza paketi ileile na vyote vikalalamika kwa pamoja, malalamiko yatakuwa mzigo kuliko video. Kwa ving'amuzi tulitumia SMPTE 2022-1, kiwango cha kurudisha paketi zilizopotea, ambapo paketi zinapangwa kwa safu na nguzo kama jedwali na kutengenezewa paketi za akiba kwa hesabu ya XOR. Jedwali la 10 kwa 10 likilindwa kwa nguzo tu linaongeza asilimia 10 ya mzigo, na linaweza kurudisha paketi 10 zilizopotea kwa mfululizo. Linalopendeza ni kwamba paketi za akiba zinasafiri kwenye poti zake pekee, mbili juu na nne juu ya ile ya video, hivyo king'amuzi kisichozijua kinaendelea na kazi yake bila kuhisi kitu. Ni moyo uleule wa kundi kwa fomati: atakayeweza achukue, asiyeweza asisumbuliwe. Ukubwa wa paketi nao tuliutunza. Kipande cha furushi la MPEG ni baiti 188, vipande saba ni 1316, na hapo paketi inakaa ndani ya mpaka wa Etheneti wa 1500 bila kukatwa vipande njiani.

Ili kipokezi kichague, lazima kijue kuna nini. Hilo ndilo la SDP, maandishi mafupi yanayotaja kundi, poti, kodeki na saa ya kila mtiririko. Kuna namna ya kuyatangaza maandishi hayo kwa maltikasti yenyewe, kwenye 224.2.127.254 poti 9875, na VLC inayasoma. Mimi niliyaweka pia kwenye seva ya kawaida ya wavuti, faili moja kwa kila mchanganyiko wa fomati na lugha. Sharti nililoliweka kwa timu nzima lilikuwa hili: enkoda haibadilishwi kodeki mpaka SDP mpya iwe imetangazwa, na namba ya toleo katika mstari wake unaoanza na herufi o ipande. Katika mtandao usio na mazungumzo, faili hilo ni ahadi, na ahadi ikivunjwa kipokezi hakina wa kumuuliza.

Nje ya mtandao wako mwenyewe usitarajie makuu. Intaneti ya umma haipitishi maltikasti kati ya kampuni na kampuni kwa namna ya kutegemewa, na mwaka 2020 IETF, kwa RFC 8815, ilishauri iachwe kati ya mitandao tofauti ile aina ambamo yeyote anaweza kutuma kwenye kundi, ibaki ile inayotaja chanzo waziwazi. Kwa ndani nimeanza kuhamia huko, kwenye anwani za 232, kila ving'amuzi vya IGMP toleo la 2, visivyoweza kutaja chanzo, vinapostaafu.

Kinachonishughulisha sasa ni simu na kompyuta za mkononi zilizo kwenye Wi-Fi. Hewani, paketi ya maltikasti haithibitishwi kupokelewa, na kituo cha Wi-Fi huituma kwa kasi ya chini ya msingi ili hata aliye mbali kabisa aisikie. Video ya megabiti 5 inakula muda wa hewa wa wote waliomo chumbani. Isitoshe, simu moja ikisinzia ili kuokoa betri, kituo hushikilia paketi za maltikasti za kila mtu hadi muda wa kuamka ufike, na picha inakuja kwa mafungu. RFC 9119 ya mwaka 2021 inaeleza haya yote, na nilipoisoma nilikuta humo kila lalamiko nililowahi kupokea. Kivinjari cha simu nacho hakifungui RTP ya maltikasti kabisa.

Kwa hiyo kwenye majengo yenye Wi-Fi nyingi maltikasti inakomea kwenye kompyuta ndogo iliyo karibu na swichi ya jengo. Inajiunga na makundi, na kuwahudumia watu wa jengo lile kwa HTTP, itifaki ya kawaida ya wavuti, vipande vya sekunde chache, ubora unaopanda na kushuka. Kazi iliyosanifiwa na DVB, muungano wa viwango vya televisheni ya dijiti, na kutolewa na ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, mwaka 2020 kama TS 103 769 inakwenda njia hiyohiyo kwa utaratibu: vipande vya DASH au HLS (namna mbili za kurusha video kwa HTTP) vyenyewe vinasafirishwa kwa maltikasti hadi kwenye lango, mfano wa ile kompyuta ndogo, na mtazamaji anadhani anazungumza na seva ya kawaida. Naipenda, lakini swali la fomati halijaondoka, limehamia kwenye lango. Simu zikiomba ubora tofauti tofauti, lango litajiunga na makundi yote, na laini ya megabiti 100 inarudi palepale ilipokuwa. Kwa sasa malango ya majengo hayo nimeyapa ruhusa ya makundi mawili kwa kila tukio, picha ya kati na picha nyepesi, pamoja na sauti zote nne, na orodha inayopewa simu haitaji ubora mwingine.